Kumwaga Oili Chafu ya Pikipiki

Mjini Bunia, katika jimbo la Ituri, pikipiki ni nyingi. Hupeleka watu kazini na mihogo sokoni. Huleta samaki kutoka Kasenyi, ukingoni mwa Ziwa Albert. Hupeleka wagonjwa hospitali ya Nyankunde, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka mjini. Pikipiki ikiharibika njiani, samaki huoza, na mgonjwa hulala kando ya barabara. Kwa hiyo mwendeshaji mwenye akili huitunza injini yake kama mkulima atunzavyo jembe lake.

Ndani ya injini vyuma husuguana bila kupumzika. Sugua viganja vyako kwa nguvu: vinapata moto. Vipake mafuta kidogo, kisha sugua tena: vinateleza. Oili hufanya kazi kama hiyo. Hulainisha vyuma, huvipoza, na huchukua uchafu ulio kati yao. Mji wa Bunia uko juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1200, lakini Ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi tu. Basi pikipiki itokayo Kasenyi na mzigo wa samaki hupanda mlima mrefu, na injini yake hupata moto sana. Bila oili njema, vyuma vingeshikana na injini ingekufa.

Lakini oili nayo huchakaa. Huingiwa na masizi na unga wa chuma, ikawa nyeusi. Hapo lazima imwagwe, na mpya itiwe.

Fundi mwenye haraka hufungua bolti ya chini injini ikiwa baridi. Oili ikipunguza kutiririka, hufunga mara moja, akatia chupa nzima ya oili mpya. Kazi yake ni bure. Uchafu uliobaki chini huchafua oili mpya siku ile ile. Tena oili imezidi kipimo, na oili ikizidi huisumbua injini.

Je, oili chafu itolewe namna gani? Tazama mafuta ya mawese. Asubuhi ya baridi huganda ndani ya chupa. Mama akiinamisha chupa, hayatoki. Akiiweka juani, hutiririka, yakabaki machache tu yaliyoshika kioo. Oili ya injini nayo huwa nzito ikiwa baridi, na nyepesi ikipata moto.

Kwa hiyo fundi mwema huwasha injini kwa dakika 3 au 5, kisha huizima. Oili hupata joto, na uchafu uliotulia chini huchanganyika nayo. Husimamisha pikipiki wima mahali palipo sawa, akaweka beseni chini yake. Hufungua kifuniko cha juu ili hewa iingie, kama vile mtu atoboavyo kopo la mafuta tundu mbili. Kisha hufungua bolti ya chini kwa uangalifu, asiungue mkono.

Sasa husubiri. Oili ikianza kudondoka tone moja moja, huilaza pikipiki kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili. Halafu, ufunguo ukiwa umezimwa, hupiga kiki polepole mara 3 au 4. Oili iliyojificha hutoka. Huacha yadondoke tena robo saa. Ikiwa injini ina chujio, hulisafisha au hutia jipya.

Wengine humimina esanse au maji ndani ya injini ili kuiosha. Hilo ni kosa. Esanse ikibaki hufanya oili mpya kuwa nyepesi kupita kiasi, na maji huleta kutu. Matone machache ya oili chafu hayawezi kutoka yote, wala hayadhuru, maadamu oili hubadilishwa kwa wakati wake.

Mwisho fundi hupangusa bolti, huirudisha na kuikaza, lakini si kwa nguvu zote, kwa maana alumini ya injini ni laini. Hutia oili mpya, karibu lita 1 kwa pikipiki nyingi ndogo. Huwasha injini kidogo, huizima, hungoja, kisha hutazama kipimo. Oili isiwe chini ya alama ya chini, wala juu ya alama ya juu.

Na ile iliyomo katika beseni? Isimwagwe chini, wala katika mto Nyamukau upitao mjini. Huharibu maji, udongo na samaki. Itiwe katika kibweta kilichofungwa vizuri, mbali na watoto na moto. Fundi naye anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu oili chafu hudhuru ngozi.

Nusu saa ya kusubiri si hasara. Mgonjwa anayepelekwa Nyankunde usiku hamjui fundi aliyesubiri, lakini hufika.

Maswali
1. Oili hufanya kazi gani tatu ndani ya injini?
2. Kwa nini fundi huwasha injini kabla ya kumwaga oili?
3. Kwa nini esanse haifai kuosha injini?
4. Oili chafu iwekwe wapi, na kwa nini?