Mbuga ya Nairobi yaelekea kuwa kisiwa

Mgeni azuruye Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946, huona vifaru, simba na twiga huku majumba ya jiji yakichungulia nyuma yao. Tembo hawamo. Mbuga hiyo ya kilomita 117 za mraba imezungushiwa ua pande tatu. Kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, ndiko uliko mlango: masika nyumbu na pundamilia huvuka kwenda malisho ya Kitengela, kiangazi hurejea kutafuta maji. Basi mtalii mwerevu huja kiangazi.

Hata hivyo, malisho hayo yamekatwa ploti na kutiwa seng'enge. Mwaka wa 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wafugaji wasiuze wala kuzungushia ua ardhi yao, lakini bei ya ploti hushawishi zaidi.