Upepo wa Matairi Katika Nchi ya Chai
Sehemu ya Pili: Namna ya Kuchagua Chombo cha Kuuchunga

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza kwamba uzito wa gari hauchukuliwi na mpira wala na nyuzi za chuma zilizofumwa ndani ya mpira, bali huchukuliwa na hewa iliyofungiwa humo. Na kwamba tairi lenye upepo pungufu, hata likionekana zima machoni pa mpita njia, limekwisha kuingia katika maradhi ambayo dalili zake hudhihiri wakati wa kuponya umepita. Leo twaendelea na suala linalofuata suala hilo kwa lazima: miongoni mwa vyombo vingi vinavyouzwa siku hizi, ambavyo humwonyesha dereva upepo wa kila tairi angali amekaa mbele ya usukani, ni kipi kimfaacho mwenye lori la majani ya chai, au mwenye basi, au msafiri anayepita katika nchi yetu na nyumba yake juu ya magurudumu?

Masharti ya uchaguzi huu hayawekwi na mwenye duka, bali huwekwa na nchi yenyewe. Mji wa Kericho umekaa juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,000 na ushei, na barabara iendayo Kisumu huteremka kupitia Kapsoit hata ikafika uwanda wa Nyando, ambako Ahero iko chini ya Kericho kwa mita zipatazo 900. Asubuhi dereva huondoka katika baridi ya digrii 12, na adhuhuri yumo katika joto la digrii 30. Upande wa Bomet, malori hushuka na kupanda baina ya vituo vya kupokelea majani na viwanda vya Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek, kama wenzao wa Kericho waendavyo Litein, Momul na Toror, juu ya barabara za changarawe ambazo mvua huzichimba usiku na malori huzisaga mchana. Changarawe hukata mpira, mashimo hugonga rimu, na mteremko mrefu hutia breki moto ambao hupita katika rimu ukaliingia tairi. Nayo majani mabichi hayastahimili kungoja: yakirundikana ndani ya lori lililokwama hupata joto, hubadilika rangi, na ubora wake huharibika kabla ya kufika kiwandani. Kwa kuwa kilo moja ya chai iliyo tayari hutokana na kilo nne na nusu, au karibu na hizo, za majani mabichi, tairi moja likipasuka jioni laweza kupoteza kazi ya mikono mingi iliyochuma tangu alfajiri.

Lori la kawaida la majani lina matairi sita: mawili mbele, na nyuma jozi mbili zilizobanana ubavu kwa ubavu. Tairi la ndani katika jozi hizo ndilo lifichalo siri. Likipungukiwa na upepo, mwenzake wa nje hubeba sehemu kubwa ya mzigo wa wawili bila ya kulalamika, gari husimama wima, na dereva haoni upogo wowote. Utingo huzunguka akayapiga matairi kwa nyundo ili asikie mlio, na desturi hiyo ni njema kwa kulitambua tairi lililolala kabisa. Walakini hakuna sikio la mwanadamu liwezalo kupambanua kwa nyundo baina ya tairi lenye ratili 100 kwa inchi ya mraba na lenye ratili 75, ilhali tofauti hiyo ndiyo itenganishayo salama na hatari. Kwa sababu hiyo, chombo kisichoweza kueleza habari za tairi la ndani hakistahili kununuliwa kwa gari lenye jozi, hata bei yake ikiwa rahisi namna gani.

Vyombo hivi si vya jana. Gari la Porsche 959, lililoanza kuuzwa katika miaka ya 1980, lilikuwa nacho. Lakini kilichovieneza ni msiba: huko Marekani, matairi ya Firestone yaliyofungwa katika magari ya Ford Explorer yalikuwa yakiachana tabaka zake mwendoni, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Mwaka 2000 Bunge la nchi ile likapitisha sheria iliyofanya onyo la upepo kuwa faradhi, na kufikia mwezi wa Septemba 2007 kila gari jipya dogo lililouzwa huko lilikuwa halina budi kuwa nacho. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari madogo mapya yote mwezi wa Novemba 2014, na kwa malori na mabasi mapya mwaka 2024. Sisi tununuao magari yaliyokwisha kutumika ughaibuni aghalabu twapokea magari ya mizigo yaliyoundwa kabla ya amri hizo, na kwa hiyo kazi ya kuchagua inatuangukia wenyewe.

Vyombo hivyo vimegawanyika katika makundi mawili. La kwanza halipimi upepo hata kidogo. Huhesabu mizunguko ya magurudumu kwa kutumia vihisi vya breki, kwa hoja kwamba tairi lililopungua upepo huwa fupi kidogo na huzunguka upesi kuliko wenzake. Njia hii yafaa kwa gari dogo, bali ina nakisi mbili kubwa kwetu. Matairi yote yakipungua kwa kiasi kimoja, kama ifanyavyo baridi, hayana wa kulinganishwa naye, na chombo hunyamaza. Aidha matairi mawili ya jozi yamefungwa pamoja na hayana hiari ya kuzunguka mbalimbali, basi upungufu wa mmoja hufichwa na mwingine. Kundi la pili hupima upepo wenyewe: kila tairi lina kihisi chake, chenye betri ndogo, ambacho hupeleka kwa mawimbi ya redio hesabu ya upepo na joto hadi kwenye kioo kidogo mbele ya dereva. Kwa lori, basi na nyumba ya magurudumu, kundi hili la pili ndilo la kuchaguliwa, wala sioni udhuru wa kufanya vinginevyo.

Ndani ya kundi hilo kuna hitilafu inayohitaji kufikiriwa kwa makini zaidi, nayo ni mahali pa kukaa kihisi. Kuna vihisi vinavyofungwa juu ya rimu, ndani ya tairi, na kuna vinavyokazwa nje, juu ya valvu, mahali pa kifuniko. Kile cha ndani hakiguswi na tope wala mikono ya wezi, joto lake ni la hewa yenyewe iliyomo, na betri yake yaweza kudumu miaka mitano au zaidi. Lakini kukifunga au kukibadili ni sharti tairi livuliwe, na fundi wa pancha asiyejua kwamba kimo humo aweza kukivunja kwa pigo moja la chuma chake cha kupenyulia. Kile cha nje hufungwa na yeyote kwa dakika chache, na betri yake ya kidonge hubadilishwa kwa bei ndogo. Lakini hujitokeza penye mawe na matope, huvutia wezi, na joto kionyeshacho hukaribia lile la valvu na upepo wa nje kuliko lile la ndani ya tairi, hivyo lisipokelewe kama kipimo kamili.

Rai yangu ni kwamba lori la majani, ambalo matairi yake huvuliwa mara kwa mara kwa ajili ya pancha na kuhamishwa kutoka mbele kwenda nyuma, lifungiwe vihisi vya nje, na viwe vya namna ipitishayo upepo, ili utingo ajaze tairi pasipo kukivua kihisi. Kwa maana kitu kinachovuliwa kila alfajiri hakikawii kupotea. Basi la abiria liendalo mbali kwa lami, ambalo matairi yake hushughulikiwa katika karakana moja na mafundi wanaojulikana, yafaa lipewe vihisi vya ndani.

Mnunuzi asisahau mambo matatu madogo ambayo hutengua makubwa. Kwanza, valvu iwe ya chuma. Valvu ya mpira ikitwikwa kihisi huyumba kila gurudumu linapozunguka, shina lake huchoka, na chombo kilichonunuliwa kuzuia kuvuja kwa upepo huwa ndicho kinachouvujisha. Pili, mawimbi yafike. Bodi la chuma na urefu wa gari huyazuia, na kwa hiyo lori refu au lenye trela huhitaji kipokezi cha kati kinachoyachukua mawimbi ya nyuma na kuyasukuma mbele. Mnunuzi adai kujaribiwa juu ya gari lake mwenyewe, gurudumu la nyuma kabisa likiwa ndilo shahidi. Tatu, kiwango cha juu cha kihisi kizidi upepo wa gari lenyewe, kwani vingi viuzwavyo kwa magari madogo hukoma kabla ya kufikia ratili 100.

Baada ya kufunga, huja kazi ambayo wengi huipuuza, yaani kukipa chombo hesabu ya kukilinganishia. Hesabu hiyo si ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ambayo hueleza upepo wa mzigo wa juu kabisa. Hupatikana kwa kupima ekseli katika mizani gari likiwa na mzigo wake, kisha kutazama jedwali la mtengenezaji wa tairi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli ya nyuma yenye matairi manne, lakini mwenye busara hutaka kujua uzito wake mwenyewe wala si mpaka wa sheria tu, hasa lori lile lile linapobeba majani leo na kuni za kiwanda kesho. Upepo huwekwa tairi likiwa baridi, kabla ya jua na kabla ya mwendo, na onyo la kupungua huwekwa lisizidi sehemu 15 katika mia chini ya hapo.

Hapa pana kosa ambalo limewaponza madereva wengi wema. Tuseme tairi limejazwa ratili 100 mjini Kericho alfajiri ya digrii 12, kisha likateremka hata Ahero, na hewa iliyomo ikafikia digrii 50 kwa mwendo na jua. Kipimo kitasoma karibu ratili 114, na hakuna kilichoharibika: hewa imepata joto ikatanuka, na kipimo kimepunguziwa kidogo tu kwa kuwa hewa ya nje kule bondeni ni nzito zaidi. Dereva asiyejua hili hufungua valvu akatoa zile 14, akidhani anaepusha mpasuko. Na alfajiri ya pili, akiwa amerudi katika baridi ya Kericho, tairi lake litakuwa na ratili zisizotimia 90, na mzigo ni ule ule. Upepo wa tairi lenye moto usipunguzwe. Kinachostahili kumtisha dereva ni tairi moja kupanda joto peke yake ilhali wenzake wametulia, kwa kuwa hiyo ni dalili ya upepo kuvuja, au breki kushika, au beringi kufa. Katika mteremko, habari hiyo ya joto ina thamani sawa na habari ya upepo.

Na onyo likilia, lifuatwe na kitendo kilicho sahihi. Wenye ilimu ya matairi huhesabu kwamba tairi la lori lililotembea na upungufu wa sehemu 20 katika mia ni tairi lililokwisha kulala, wala halistahili kujazwa tu na kuendelea. Nyuzi za chuma ubavuni mwake zimekunjwa na kukunjuliwa mara maelfu, baadhi zimekatika, na lijazwapo tena laweza kupasuka kwa mstari mmoja kama zipu inayofunguka, likamuua aliyeinama juu yake. Tairi la namna hiyo livuliwe, likaguliwe ndani, na lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, fundi akiwa amesimama mbali. Vijana wetu wa pancha wa Kaplong, Silibwet na Kapsoit, ambao hujaza matairi ya malori wakiwa wameyakalia, wastahili kuambiwa jambo hili na kila mwenye lori kabla ya kuwakabidhi kazi.

Ama msafiri wa nyumba ya magurudumu, atokaye Maasai Mara akapita Bomet na Kericho kuelekea Uganda, yeye ana gari la matairi sita vile vile, lakini maradhi yake ni mengine. Gari lake husimama miezi mingi, na tairi huzeeka kwa kusimama kabla ya kwisha meno. Basi asome tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319, kwa mfano, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Maji, vyakula na vyombo vyake aghalabu huelemea upande mmoja, na tangi la lita 200 peke yake ni kilo 200. Na apime kila ekseli vyote vikiwa vimejaa, na ikiwezekana kila upande peke yake. Yeye afunge vihisi vya ndani, kwa kuwa hulala mahali asipopajua, na vya nje huvutia wezi.

Hukumu yetu basi ni hii: chombo chema ni kile kinachopima upepo wenyewe katika kila tairi hata la ndani, kinachoonyesha joto, kinachovumilia tope, na ambacho fundi wa mtaani aweza kukihudumia. Lakini hata kilicho bora kabisa hutoa habari tu. Kujaza, kuvua na kusimama ni kazi za watu. Nawasihi wakurugenzi wa viwanda vya wakulima, ambao huchaguliwa na wakulima wenyewe, waviingize vyombo hivi katika hesabu za kila mwaka kama waingizavyo breki na taa, wawape madereva ruhusa ya kusimama onyo liliapo pasipo kukatwa mshahara kwa kuchelewa, na wamwachie kila utingo geji yake ya mkononi, ili kila alfajiri hesabu ya kioo isahihishwe na hesabu ya mkono. Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaeleza habari za matairi yaliyovalishwa mpira mpya, na mahali ambapo hayafai kufungwa kamwe.