Emscher: mto wa wachimba makala, na fakitire iliyokuja nyuma

Ba papa na ba mama wa mugodi, leo tunawaomba tutembee mbali kidogo, mpaka Ujerumani, kwenye bonde la mto mmoja unaoitwa Emscher. Urefu wake haupiti kilometa 85. Mbele ya Lualaba yetu ni kijito tu. Lakini wachimbaji wa makala ya mawe waliishi kando yake zaidi ya miaka mia moja, na yale waliyoyaona yanafanana na yetu mpaka mtu anashangaa.

Kwanza tusikilizane juu ya uchafu tunaouzungumzia. Hapa kwetu mtu akisema mto umeharibika, bote wanafikiri asidi, shaba, kobalti, mayi yanayotoka kwenye mitambo. Wana haki ya kufikiri hivyo. Ila kuna uchafu mwingine ambao hauchomi ngozi na haubadilishi ladha upesi. Huo ni chakula: nitrojeni na fosfori, vile vitu ambavyo majani yote yanavihitaji ili kukua. Vinatoka chooni, vinatoka kwenye sabuni ya unga, kwenye mbolea ya shamba la mihindi, kwenye mavi ya nguruwe. Na vinatoka mugodini pia. Ile baruti ya punje nyeupe inayopasua mawe ni nitrati ya amonia, na kitu hicho hicho kinauzwa kama mbolea. Punje zilizomwagika wakati wa kujaza matundu, au ambazo hazikulipuka, zinayeyuka na kufuata mayi ya pompi mpaka nje. Wanaofanya kazi ya kulipua wanajua kiasi gani kinabaki chini kila siku. Sisi hatuna la kuwafundisha hapo.

Chakula hicho kikiwa kingi mtoni, ziwani au kando ya bahari, mwani na majani ya mayi vinaota kupita kiasi. Vikifa, vijidudu vinavioza, na katika kuoza vinamaliza hewa yote iliyomo ndani ya mayi. Samaki wanakosa pumzi. Mvuvi anaona samaki wanaelea, anasema wametiliwa sumu. Mara nyingine hakuna sumu yoyote, ni hewa tu imekwisha.

Turudi Emscher. Miaka ya 1800 ilipokuwa inaisha, bonde lile lilijaa migodi, viwanda vya chuma na makambi ya wafanyakazi. Dortmund, Herne, Gelsenkirchen, Essen, Bottrop, Oberhausen: miji iliota kama uyoga baada ya mvua. Mayi ya vyoo na mayi ya migodi yote yalimwagwa mtoni. Na sasa sikilizeni, nyinyi mnaochimba: ukitoa makala chini, udongo wa juu unashuka. Bonde likaanza kuzama pahali pengi, mto ukakosa mteremko, mayi machafu yakasimama mbele ya nyumba za watu kama madimbwi. Kuzika tuyo chini ya udongo haikuwezekana, juu udongo ulizidi kushuka na ungezivunja. Magonjwa ya tumbo yalikuwa ya kila siku katika nchi ile ya migodi. Mwaka wa 1901, huko Gelsenkirchen, homa ya matumbo ilishika watu zaidi ya 3,000, nayo ilipita katika mayi ya bomba.

Hakuna mji uliokuwa na uwezo wa kutengeneza mambo peke yake. Ukisafisha sehemu yako, jirani wa juu anakutumia ya kwake. Njo maana tarehe 14 Desemba 1899, pale Bochum, miji, migodi na viwanda walikutana na kuunda chama cha ushirika, Emschergenossenschaft, cha kwanza cha namna ile katika Ujerumani yote. Sheria ya mwaka wa 1904 ikakipa nguvu: mwenye kumwaga uchafu au kufaidika na kazi ya chama anakuwa mwanachama, apende asipende, na analipa kwa kipimo chake. Kompanyi yenye mugodi mkubwa ililipa kikubwa. Hakuna aliyeweza kusema, "Mimi niko chini ya mto, hayanihusu."

Tunapenda jambo hilo la sanduku moja, na tutalirudia. Lakini tusifiche upande wa pili. Kura ndani ya chama zilihesabiwa kufuatana na malipo, na mwenye franga nyingi alikuwa na sauti kubwa. Kazi waliyokubaliana ilikuwa hii: kuunyoosha mto kama rula, kuupandishia kuta kandokando, kuusakafia kwa beto, na kuufanya kanivo kubwa la wazi la kubeba mavi na mayi ya migodi haraka mpaka mto Rhine. Kusini yake kuna mto Ruhr, na huo walichagua kuulinda kwa mayi ya kunywa. Yaani walikaa mezani wakagawana: mto mmoja wa kunywa, mwingine wa choo. Magonjwa yalipungua, ndiyo. Lakini Emscher ilikufa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi vizuri kabisa. Mto ulifungiwa na ua, juu mtoto akianguka katika zile kuta zenye utelezi hapandi tena. Watu wa pale walikipa kila kijito kama hicho jina la lugha ya mtaani, Köttelbecke, na maana yake ni kijito cha vinyesi. Vizazi vitatu vinne vya watoto wa wachimbaji walikua na harufu ile.

Na uchafu haukuishia pale. Mto wa beto haulali. Ulichochukua Dortmund uliupeleka Rhine, na Rhine ikaupeleka Uholanzi mpaka Bahari ya Kaskazini. Kule baharini chakula cha majani kilitoka mito mingi, si Emscher peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sehemu za bahari karibu na Ujerumani na Denimarki zilikosa hewa chini, samaki na viumbe vya matopeni vikafa. Kiwanda cha mwaka wa 1976 pale Dinslaken kilijaribu kusafisha Emscher nzima mahali unapoingia Rhine, lakini huko ni sawa na kufagia nyumba mlangoni tu.

Nchi za Rhine zilikuwa na tume yao tangu mwaka wa 1950: Uswisi, Ufaransa, Ujerumani, Luxembourg na Uholanzi. Miaka mingi walizungumza zaidi kuliko kutenda. Kilichowaamsha ni moto. Tarehe 1 Novemba 1986 bohari ya dawa za kemia iliungua karibu na Basel, mayi ya kuzimia moto yakaingia mtoni, na samaki wakafa kwa kilometa mamia. Mwaka uliofuata mawaziri wa Rhine walikubali mpango wa kupunguza vichafuzi vikubwa kwa nusu mpaka mwaka wa 1995, na mawaziri wa nchi za Bahari ya Kaskazini, walipokutana London mwaka huo huo wa 1987, walikubali nusu hiyo hiyo kwa nitrojeni na fosfori mahali bahari inapoumia.

Matokeo? Fosfori ilishuka kweli. Ilikuwa rahisi zaidi: sabuni za kufulia ziliondolewa fosfati, na mitambo ya kusafisha mayi ilianza kutia chumvi ya chuma ambayo inaikamata fosfori na kuizamisha kama matope. Nitrojeni ilikataa. Mitambo inaweza kuitoa kwa kufuga vijidudu katika mabirika, kwanza na hewa, kisha bila hewa, mpaka nitrojeni inarudi angani. Lakini sehemu kubwa inatoka mashambani, na shamba halina tuyo moja ambayo unaweza kuiziba. Nusu iliyoahidiwa kwa 1995 haikufikiwa kwa nitrojeni. Wakulima hawakulazimishwa kulipa kama migodi ilivyolazimishwa mwaka wa 1904, na kwa maoni yetu tofauti iko hapo.

Emscher yenyewe ilipata bahati kutokana na jambo la huzuni: migodi ilikuwa inafunga, na ile iliyobaki ilihamia kaskazini. Udongo ukaacha kushuka. Sasa tuyo ziliweza kuzikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama kile kile cha 1899 kiliamua kuvunja kazi yake ya zamani na kuanza upya. Walijenga mitambo mipya ya kusafisha mayi, halafu wakatoboa kanivo la chini la kilometa 51, toka Dortmund mpaka Dinslaken, pahali pengine mita 40 chini ya miguu ya watu, na vituo vitatu vikubwa vya pompi vya kupandisha mayi, kwa sababu tuyo inateremka kidogo kidogo na ingezidi kuzama. Mchimbaji yeyote wa Kolwezi au Kipushi angeitambua kazi ile mara moja. Mwisho wa mwaka wa 2021, mayi ya vyoo hayakumwagwa tena katika Emscher. Beto inaondolewa kipande kwa kipande, mto unarudishiwa mapindo yake. Samaki mdogo anayeitwa groppe, aliyekuwa amejificha miaka yote ile katika vijito vichache vya juu ambavyo havikuharibiwa, ameanza kurudi.

Gharama: zaidi ya miliari 5 za euro, miaka 30 ya kazi. Nani analipa? Hapa njo tunataka msomaji asimame kidogo. Makala iliuzwa kwa zaidi ya karne moja. Mugodi wa mwisho wa bonde la Ruhr, Prosper-Haniel pale Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Sehemu kubwa ya pesa za kufufua mto imetoka kwa wanachama wa leo, na wanachama wa leo ni miji zaidi, maana yake mama mwenye nyumba anayelipa fakitire ya mayi machafu kila mwaka. Jimbo na Ulaya wameongeza sehemu ndogo, benki ya Ulaya imekopesha. Na pompi haziwezi kuzimwa hata siku moja: sehemu kubwa za bonde zimeshuka chini ya mito, zingefunikwa na mayi. Kwa hizo pompi angalau mfuko wa pekee uliwekwa kabla mugodi wa mwisho haujafungwa, na unalipa tangu mwaka wa 2019. Wanaita gharama hizo mizigo ya milele.

Sasa tutazame nyumbani. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula ziwa Moero, kisha Luvua, mpaka Lualaba. Kandokando ya njia hiyo kuna migodi, komini, mashamba, wavuvi wa nchi mbili. Kodi ya migodi ya mwaka wa 2018 inalazimisha kila kompanyi kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Ni kitu kizuri, na tunajua vijiji vinavyokingojea. Lakini franga hizo zimefungwa kwa jamii zinazozunguka kila mugodi, na mto haujui mpaka wa mugodi. Sanduku la mto mzima, ambalo ndani yake kompanyi, komini na wakulima wanalipa kila mmoja kwa kipimo cha uchafu wake, hilo bado hatuna. Kwa ziwa Tanganyika mlango ulifunguliwa: mwaka wa 2003 pale Dar es Salaam, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia walitia sahihi mkataba wa kulilinda pamoja, uchafu ukiwemo, na makao ya mamlaka yake yako Bujumbura. Kalemie inahusika moja kwa moja.

Wakati wa kujadili cahier des charges, wajumbe wa vijiji wanaulizia masomo, hospitali, barabara, pompi ya mayi. Tunashauri waongeze mambo mawili. La kwanza, karatasi za vipimo vya mayi ziwe na mstari wa nitrati na fosfati pembeni ya shaba na kobalti, na vipimo vifanywe juu ya mugodi na chini yake, mbele ya watu. La pili ni swali ambalo watu wa Emscher hawakuuliza mwaka wa 1899: siku shimo litakapofungwa, pompi na mitambo ya mayi vitalipwa na nani, na hizo franga ziko katika akaunti gani leo?