CHOMBO KIPYA KISIUE UANAGENZI

Kwa miaka kadhaa sasa pamekuwa na mazungumzo mengi, maofisini, vyuoni na hata vibarazani, juu ya vyombo vipya vinavyoitwa akili mnemba, au akili bandia. Wapo wanaosema kwamba kazi ya kuandika programu za kompyuta imekwisha, na kwamba mzazi anayemlipia mwanawe karo ya elimu hiyo anatupa fedha baharini. Wapo na wanaodai kwamba hayo yote ni makelele ya kupita. Sisi hatukubaliani na upande wo wote kati ya hizo mbili.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hiyo, yafaa tueleze kwa ufupi. Kompyuta hufuata maagizo, hatua baada ya hatua, na maagizo hayo ndiyo programu. Mwananchi anayetuma fedha kwa simu, anayenunua umeme kwa namba, au anayetafuta matokeo ya mtihani wa mwanawe, anatumia kazi ya mtu aliyeketi siku nyingi akiyapanga maagizo hayo na kuyasahihisha. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wala si mara ya kwanza kwa mafundi hao kuletewa chombo kinachowapunguzia kazi. Zamani waliandika maagizo kwa tarakimu tupu, lugha ya mashine yenyewe. Mwaka 1952 Bibi Grace Hopper wa Marekani alitengeneza programu iliyoweza kukusanya maagizo yaliyokwisha andikwa na kuyaunganisha, kazi ambayo hadi wakati huo ilifanywa kwa mkono. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya Fortran, ambayo mtu aliweza kuiandikia kwa namna inayofanana na hesabu za kawaida. Miaka miwili baadaye ikaanza kubuniwa Cobol, lugha yenye maneno ya Kiingereza cha ofisini, na wapo waliotumaini kwamba mameneja wangeweza sasa kuisoma wenyewe. Mafundi hawakupungua. Kazi ilipokuwa rahisi zaidi, watu waliitaka zaidi, na mafundi wakaongezeka nchi hata nchi.

Hapana shaka kwamba safari hii hatua ni ndefu kuliko zile za zamani. Mwaka 2021 ilitolewa kwa majaribio Copilot, msaidizi anayemalizia mistari ambayo fundi ameianza. Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na tangu hapo vimetoka vyombo vinavyopokea ombi kwa maneno ya kawaida, vikasoma mafaili yote ya kazi, vikaandika maagizo, vikayajaribu na kurekebisha makosa vilivyoyaona. Kazi ndogo ndogo iliyomchukua kijana siku mbili yaweza kumalizika kabla chai haijapoa. Kuondolewa kwa kazi ya kuchosha ni jambo la kushukuru, na hatuoni sababu ya kuomboleza.

Lakini kasi na usahihi ni vitu viwili. Mwaka 2025 shirika la utafiti la METR la Marekani liliwapima waandishi wa programu 16 wenye uzoefu, katika kazi 246 za miradi waliyoijua vizuri. Kabla ya kuanza, walitarajia vyombo hivyo vingewaokolea asilimia 24 ya muda wao. Walipomaliza, waliamini vimewaokolea asilimia 20. Saa ilitoa ushahidi mwingine: kazi walizozifanya kwa vyombo hivyo zilichukua muda mrefu zaidi, kwa asilimia 19. Vyombo vimeboreshwa tangu hapo, na hesabu hiyo yaweza kubadilika. Linalotushtua ni kwamba mafundi waliokomaa hawakutambua kuwa wanachelewa. Ikiwa wao walidanganyika, je, mwanafunzi?

Tena chombo hiki kikikosea hukosea kwa sauti ile ile ya kujiamini kinayoitumia kinaposema kweli. Na kosa la programu si jambo la karatasini tu. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi wa posta ndogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kwa ushahidi uliotokana na hesabu za mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Fedha zilizosemekana kupotea hazikuwa zimeibwa. Mfumo ndio uliokuwa na hitilafu. Watu walifungwa, wakafilisika, wengine wakafa kabla ya kusafishwa majina yao. Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 2024 ili kufuta hatia hizo kwa pamoja. Mfumo huo uliandikwa na binadamu kabla ya akili mnemba ya leo, lakini funzo lake ni la leo: mashine isiyo na mtu wa kuihoji huweza kumfunga asiye na kosa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hofu yetu kubwa. Je, huyo mtu wa kuihoji mashine atatoka wapi?

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wanalijua jibu tangu kale. Mtoto aliyepelekwa kujifunza hakupewa tezo siku ya kwanza. Alizoa vumbi la mbao, akashika ubao fundi akikata, akavuta uta wa keekee, akatia kalafati katika nyufa. Kazi hizo zilionekana duni, lakini katika kuzifanya jicho lake lilijifunza ubao upi utapasuka na upi utahimili bahari. Mwanagenzi wa kompyuta naye hukua hivyo. Hupewa kosa dogo alitafute, hukesha nalo, na asubuhi anapoliona huwa amejifunza mambo kumi ambayo hakuna kitabu kingemwambia.

Kazi hizo ndogo ndizo ambazo chombo kipya kinazifanya vizuri kuliko zote. Mwajiri mwenye haraka hujiuliza: kijana wa nini? Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliopitia takwimu za mishahara ya Marekani walieleza, Agosti 2025, kwamba waandishi wa programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 walioajiriwa walikuwa wamepungua kwa karibu asilimia 20 tangu mwishoni mwa mwaka 2022. Wakubwa wao hawakupungua namna hiyo. Sababu zinabishaniwa, lakini mwelekeo unaonekana.

Afrika Mashariki tulionywa hata kabla ya hapo. Septemba 2019 kampuni ya Andela, iliyokuwa ikiwafunza vijana wa Afrika na kuwaunganisha na makampuni ya ng'ambo, iliwaachisha kazi mafundi wachanga wapatao 400 wa Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba wateja walitaka waliokwisha kukomaa. Kila mtu anataka embe bivu. Wa kumwagilia mche haonekani.

Tanzania nayo ina funzo lake. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Wataalamu wenyeji walioielewa walikuwa wachache mno, hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuagiza kompyuta kutoka nje. Baadaye katazo lililegezwa, lakini miaka ya kujifunza ilikuwa imekwisha kupita. Tulikosea kwanza kwa kununua chombo bila kuandaa mafundi, kisha kwa kukifungia mlango chombo chenyewe. Leo hatuna ruhusa ya kurudia kosa lo lote kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo tunawaomba waajiri, kwanza mabenki, makampuni ya simu na idara za Serikali, wasihesabu faida ya mwaka huu peke yake. Kila penye mafundi waliokomaa pawe na wanagenzi chini yao, na sehemu ya muda uliookolewa na chombo kipya itumike kuwafundisha. Aidha, programu yo yote inayogusa fedha, afya au haki ya mwananchi isianze kutumika mpaka mtu mwenye jina ameisoma, ameielewa na amekubali kuwajibika kwayo.

Vyuo navyo viache kumtahini mwanafunzi kwa wingi wa mistari aliyoandika, maana hiyo sasa mashine yaweza kumpa. Vimpe programu yenye kasoro, na vimtake aeleze kwa kinywa chake ni wapi ilipoharibika na kwa nini.

Kwa vijana wenyewe tunasema: kitumieni chombo hiki bila hofu, lakini msikubali kipokee fikra zenu. Kikikuandikia mistari kumi, isome yote kumi. Usiyoielewa usiipeleke kwa mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hakuna mashine itakayokuinamia.

Majahazi yaliundwa pwani hii kwa karne nyingi kwa sababu kila fundi aliacha nyuma yake mwanagenzi. Siku mlolongo huo utakapokatika katika kazi hii mpya, hatutaujua upungufu wake mara moja. Tutaujua chombo kitakapoanza kuvuja katikati ya bahari, na tukamwita fundi, asiitike mtu.