Ulinzi, Usalama na Hifadhi: Istilahi za Mikataba ya Mataifa Zisomwapo Karatu na Ngorongoro

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno matatu ambayo watumishi wengi wa umma huyaandika karibu kila siku: ulinzi, usalama na hifadhi. Maneno haya ni ya kawaida mno, hata ni nadra mtu kuyafungulia kamusi. Lakini yaingiapo katika mikataba ya mataifa kuhusu amani na ulinzi, kila moja hubeba mzigo zaidi ya mmoja, na mfasiri asipokuwa mwangalifu msomaji hupokea mzigo usio wake.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika miaka hii. Mwezi Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ilipokutana Dar es Salaam, ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika nao ulikikubali kuwa lugha yake rasmi ya kazi. Maana yake ni kwamba maandiko juu ya kujihami kwa pamoja, udhibiti wa silaha na uhalifu wa kuvuka mipaka, ambayo zamani yalisomwa na wachache kwa lugha za kigeni, sasa yatapasa kueleweka hata kwa mwenyekiti wa kijiji.

Tumezichagua wilaya za Karatu na Ngorongoro ziwe mizani yetu. Wilaya ya Ngorongoro inapakana na Kenya. Ndani yake limo Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye kiasi cha kilomita za mraba 8,300, lililowekwa kwa sheria mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja, na likaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Karatu ni wilaya ya wakulima ambao mashamba yao mengine yanagusana na msitu wa hifadhi hiyo. Aidha, katika nchi hiyo husikika Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga na Kihadza. Kwa hiyo waraka wa Kiswahili haumfikii kila mwananchi moja kwa moja. Mara nyingi hufasiriwa tena mkutanoni, kwa mdomo. Kosa dogo la mfasiri wa kwanza huwa kubwa kwa mfasiri wa pili.

1. Ulinzi na kujihami

Neno ulinzi latokana na kitenzi linda, chenye asili ya Kibantu. Mkulima wa Karatu akeshaye shambani kuwafukuza tembo na nyati yumo katika ulinzi, sawa na mwenzake wa pwani aketiye dunguni kuamia ndege. Dhana ya msingi ni kukaa macho juu ya kitu ulicho nacho. Baadaye neno likapanda cheo likawa la dola: tuna Wizara ya Ulinzi, na kila wilaya ina Kamati ya Ulinzi na Usalama. Hivyo neno moja linamtosha mlinzi wa ghala na jeshi la nchi nzima.

Katika mikataba hali ni tofauti. Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945, katika Ibara ya 51, inatambua haki ya nchi iliyoshambuliwa kwa silaha kujitetea, ama peke yake ama pamoja na wenzake. Hapa hakuna kukesha; kuna kujibu shambulio. Neno lifaalo ni kujihami. Magazeti yetu yalitambua hivyo yalipouita umoja wa NATO, ulioundwa mwaka 1949, Jumuiya ya Kujihami. Kadhalika mapatano yaliyotiwa saini na nchi za Kusini mwa Afrika hapa Dar es Salaam mwaka 2003, ambayo kwayo shambulio la silaha juu ya nchi moja huhesabiwa kuwa tishio kwa amani ya kanda yote, ni mapatano ya kujihami kwa pamoja.

Tusichanganye kujihami kwa pamoja na usalama wa pamoja. La kwanza ni ahadi ya wenzi kumkabili adui anayewashambulia. La pili ni ahadi ya wanachama wote kuilinda amani hata pale mvunjaji wake awapo mmoja wao. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, unayatenga mambo: Ibara ya 124 yahusu amani na usalama, na Ibara ya 125 yahusu ulinzi. Itifaki nazo zikawa mbili, ya ulinzi mwaka 2012 na ya amani na usalama mwaka 2013. Mfasiri aliyezoea kuandika "ulinzi na usalama" kwa mkupuo mmoja, kama pacha wasioachana, huziunganisha ibara mbili ambazo waandishi wake walizitenganisha kwa makusudi.

Hali kadhalika kwa kulinda amani. Mwaka 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio lake la 2098, liliidhinisha brigedi ya kwenda mashariki ya Kongo, nao askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi wakaiunda. Brigedi hiyo ilipewa mamlaka ya kuvishambulia vikundi vyenye silaha. Tukiwaita askari hao walinda amani tu, twamficha msomaji hatari waliyotumwa kuikabili. Kazi hiyo ni kulazimisha amani, na yafaa itajwe hivyo.

2. Usalama

Usalama latokana na salama, nalo hutaja hali, si tendo. Lakini katika matumizi ya leo lina maana tatu. Kwanza, ni kutokuwapo kwa ajali, kama katika usalama barabarani. Pili, ni kutokuwapo kwa tishio la makusudi, kama katika jina la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Tatu, ni chombo cha dola na watumishi wake, kama asemapo mtu kwa sauti ya chini kwamba fulani ni mtu wa usalama.

Maana hii ya tatu ndiyo yenye nguvu masikioni mwa wananchi. Tuchukue mfano wa kutunga. Waraka wa kupambana na ujangili wasema: "Wafugaji watashirikiana na usalama wa mpakani." Mwandishi alikusudia kwamba wafugaji wasaidie mpaka uwe salama. Msikilizaji wa Loliondo, mwenye shemeji ng'ambo ya Kenya, anasikia kwamba ametakiwa awe mpelelezi juu ya jamaa zake. Mkutano unanyamaza. Hali mfugaji huyo ndiye wa kwanza kuiona nyayo ya mgeni malishoni, na pasipo yeye mapatano ya mataifa hubaki karatasi. Laiti ingeandikwa "watashirikiana katika kuufanya mpaka uwe salama," maana isingepotea.

Upana wa neno hili uliongezeka tangu mwaka 1994, ilipotoka ripoti ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa iliyoeneza dhana ya usalama wa binadamu. Ripoti hiyo ilifundisha kwamba njaa, maradhi na uharibifu wa mazingira ni vitisho vinavyostahili kushughulikiwa sawa na vita. Ndipo tukaanza kuona "usalama wa chakula" kwa maana mbili: chakula kisichodhuru mlaji, na chakula kupatikana cha kutosha. Ukame ukizidi Ngorongoro na ng'ombe wakafa, ripoti ikaandika kwamba "usalama wa chakula si mzuri," ofisa mmoja atampeleka mkaguzi wa chakula na mwingine atapeleka mahindi. Kwa maana ya pili tunalo tayari neno zuri, uhakika wa chakula. Hatuna sababu ya kuliacha.

3. Hifadhi

Hifadhi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kuweka kitu kisipotee. Mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani. Karani huhifadhi nyaraka. Kutokana na msingi huo tumepata hifadhi ya jamii, ambayo ni kinga ya mtu dhidi ya umaskini wa uzeeni au wa maradhi. Hifadhi ya kisiasa, apewayo mtu aliyekimbia nchi yake. Na hifadhi ya wanyamapori. Ngorongoro neno limeendelea zaidi, likawa mahali, kisha likawa mamlaka. Mtu husema "hifadhi imekataza," kana kwamba hifadhi ina kinywa.

Katika lugha ya usalama wa mataifa, maana hizi hukutana. Mwezi Juni 2022, vigingi vilipowekwa kutenga kilomita za mraba 1,500 katika Pori Tengefu la Loliondo, palitokea mapambano. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, na baadhi ya wakazi walivuka kwenda Kenya. Hatukusudii hapa kutoa hukumu juu ya jambo lenyewe. Tunasema tu kwamba mwandishi wa siku zile angeweza kuandika, pasipo kosa lolote la sarufi, kwamba mtu ameikimbia hifadhi ili atafute hifadhi. Lugha inayoruhusu sentensi kama hiyo yahitaji msaada wa mfasiri.

Msaada huo ni wa lazima kwa kuwa ulinzi wa wanyamapori umekwisha kuwa jambo la usalama wa mataifa. Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1994, ulioanza kutumika mwaka 1996, uliziunganisha Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na nyinginezo dhidi ya biashara haramu ya wanyama na mimea ya porini, na kikosi kazi chake kikawekwa Nairobi. Mwezi Januari 2014 Baraza la Usalama, kwa maazimio ya 2134 na 2136, liliwawekea vikwazo wanaovisaidia vikundi vyenye silaha vya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo kwa njia ya biashara hiyo. Tangu hapo pembe ya ndovu si habari ya bwana nyama peke yake.

4. Nyara na mpaka

Maneno mawili zaidi yafaa yatajwe. Nyara, kwa asili, ni mali iliyotekwa vitani. Sheria zetu huita pembe, ngozi na meno ya wanyamapori nyara za Serikali. Wakati huohuo kuteka nyara ni kumkamata mtu kwa nguvu. Katika taarifa moja juu ya majangili wenye bunduki, "nyara" yaweza kuwa pembe ya faru au mhudumu wa watalii. Afadhali aliyekamatwa aitwe mateka, na pembe ziitwe kwa jina lake kamili.

Mpaka nao una ngazi. Uko mpaka wa nchi, uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 ukapita katikati ya malisho ya Wamaasai, na ambao Tanzania iliufunga kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Uko mpaka wa hifadhi. Uko na mpaka wa kijiji. Kumwambia mfugaji "asivuke mpaka" bila kutaja ni upi ni kumwachia abahatishe, na adhabu za mipaka hiyo hazilingani.

5. Mapendekezo

Kwa muhtasari tunapendekeza yafuatayo:

(a) Ulinzi litumike kwa kazi ya kudumu ya kulinda. Kujihami litumike kwa kujibu shambulio.

(b) Usalama lisiachwe peke yake. Liambatane na kitu au mtu anayekusudiwa kuwa salama. Na chombo kikikusudiwa, kitajwe kwa jina lake.

(c) Usalama wa chakula libaki kwa chakula kisichodhuru. Uhakika wa chakula liwe la upatikanaji wake.

(d) Hifadhi lifuatwe daima na kijalizo: eneo la hifadhi, mamlaka ya hifadhi, hifadhi ya kisiasa, hifadhi ya jamii.

(e) Nyara na mpaka yaandikwe kwa ukamilifu wake kila yatumikapo katika maandiko ya kisheria.

Mapendekezo haya yote yatokana na maswali matatu ambayo mfasiri hana budi kujiuliza kabla ya kushika kalamu: Nani analindwa? Analindwa na nani? Analindwa dhidi ya nini? Mkataba ambao tafsiri yake haijibu maswali hayo huenda ukaeleweka Arusha, katika makao makuu ya Jumuiya. Loliondo na Mang'ola utasikika kama amri, na amri isiyoeleweka haipati mshiriki.

Tunawaomba walimu na watumishi walioko wilayani watuletee maneno wanayoyasikia mikutanoni kwa dhana hizi, hasa pale mkalimani wa kijiji alipopata neno lililo bora kuliko letu. Istilahi hutungwa mezani, lakini husanifiwa na wanaoitumia.