Mama, kaye na saa zilizokatwakatwa

Mama anayetaka kuandika hadithi hupewa ushauri uleule kila anakouliza: amka kabla ya watoto. Ulimfaa Toni Morrison wa Marekani, aliyelea wana wawili peke yake huku akifanya kazi ya uhariri, akaandika alfajiri mpaka riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1970. Huku Baraka, mji wa Fizi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ushauri huo unakuta kumeshakucha. Saa kumi na moja mama anayechuuza ndakala yuko ufukweni akingoja mitumbwi iliyolala ziwani, na mwenzake mwenye shamba la mihogo yuko njiani, jembe begani na mtoto mgongoni. Alfajiri ya Fizi ina wenyewe.

Jioni nayo ni ya bugali na sombe, na sombe haikubali haraka: itatwangwa, itachemshwa, itatiwa mawese, itangojewa. Mpaka kaye (daftari la kuandikia) ifunguliwe, taa ya sola imeanza kufifia na mwandishi mwenyewe anasinzia.

Mimi ni mhariri wa hadithi, na mswada ulioandikwa ndani ya nyumba iliyojaa watoto ninautambua upesi. Sura ya kwanza imesuguliwa mpaka inang'aa, kwa sababu kila aliporudi baada ya wiki alianzia mwanzo. Katika sura ya tatu shangazi aliyezikwa anapika. Kufikia sura ya tano kijana wa Mboko amegeuka kuwa mtu wa Lulimba. Wengi wakisomewa makosa hayo huamua kwamba hawana kipaji, na hapo ndipo ninapobishana nao. Ripoti ya mkutano wa wazazi ukiiacha katikati utaimaliza kesho, maana mambo yake yote yametokea tayari na mashahidi wapo. Hadithi haina shahidi ila anayeiandika. Yeye peke yake ndiye anayejua nani ana siri gani, nani amemnunia nani, na msimulizi anaongea kwa ukali au kwa upole. Akikatizwa siku nne, yote hayo yanapotea, na nusu saa aliyoiiba Ijumaa inaishia katika kuyatafuta. Uchache wa saa unasumbua, lakini kukatwakatwa kwa saa ndiko kunakoua riwaya.

Kwa ugonjwa huo ipo dawa isiyo na gharama. Kabla ya kufunga kaye, hata kama mtoto analia, andika mistari miwili: nani yuko wapi, na nini kinafuata. Ernest Hemingway alikuwa na desturi ya kuacha kazi ya siku akiwa bado anajua kitakachotokea mbele, ili kesho asianze na ukurasa mkavu. Hakuwa na mtoto mgongoni, ila desturi yake inamfaa zaidi aliye naye. Ukurasa wa nyuma wa kaye uwekee majina, umri, vijiji na udugu wa wahusika. Ukirudi, soma ukurasa wa mwisho tu na uendelee. Sura ya kwanza iache na makosa yake mpaka hadithi iishe.

Halafu kuna kalenda ya ziwa, ambayo waandishi wa vitabu vya ushauri hawaijui. Ndakala huvuliwa kwa taa: samaki wanaufuata mwanga gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, mitumbwi mingi inapumzika siku kadhaa, na mama wa ufukweni anapata asubuhi ambayo wiki iliyopita hakuwa nayo. Tena mwaka 2024, kwa makubaliano ya Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi hiyo huangukia kiangazi, wakati palizi imekwisha. Sitaki kuipamba: ziwa likifungwa sufuria nayo inapungukiwa, na mwenye njaa haandiki riwaya. Lakini hata kiangazi kigumu kina nafasi zaidi kuliko Novemba ya jembe. Kwa mama wa Fizi ningegawa mwaka hivi: masika yawe ya kuokota, yaani neno lililosemwa sokoni, ugomvi wa mpaka wa shamba, jina la mtu lenye utamu; kiangazi kiwe cha kuandika mfululizo. Anayejilazimisha kuandika kurasa mbili kila siku mwaka mzima atashindwa kufikia mwezi wa pili, kisha atajilaumu bure.

Umbo la kazi nalo lipimwe kwa saa zilizopo. Alice Munro wa Kanada alilea mabinti, akaandika hadithi fupi kwa sababu riwaya haikupata nafasi kati ya usingizi wa mchana wa watoto na chakula cha jioni. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1968 akiwa na miaka 37, na hakuuacha ufupi huo hata watoto walipokua. Mwaka 2013 akapewa Nobeli. Bibi zetu wa Kibembe walilijua jambo hili bila Nobeli: hadithi ya jioni ilipimwa ili iishe kabla mtoto wa mwisho hajalala, na mikono ya msimulizi ilikuwa kazini muda wote. Mama anayeanza leo aandike hadithi fupi zinazozunguka kitu kimoja, tuseme bomba la maji la mtaa, au boti ya Kigoma na abiria wake. Kila moja inasimama peke yake, na zikifika kumi na mbili amepata kitabu bila kulibeba jina zito la riwaya.

Anayeona kuandika kwa kalamu kunamchosha anaweza kuisimulia hadithi kwenye simu huku akimenya mihogo. Nimesoma kazi nzuri zilizoanza hivyo. Ila masimulizi ya mdomo hurudiarudia, na wakati wa kuyahamishia kwenye karatasi theluthi nzima huwa ya kukata.

Saa yenyewe itoke wapi? Virginia Woolf wa Uingereza alisema mwaka 1929 kwamba mwanamke anayetaka kuandika hadithi za kubuni anahitaji pesa na chumba chake mwenyewe. Katika nyumba za Baraka, ambako wageni waliokimbia vita milimani hulala hata sebuleni, chumba hicho hakipo na hakitapatikana karibuni. Hata hivyo tazama jinsi mama wa Fizi anavyotoka nyumbani. Akienda mazoezi ya kwaya, mume hamuulizi. Akienda likelemba, yaani upatu, mama mkwe anashika mtoto. Akienda kikundi cha akina mama wa kanisa, majirani wanamngojea njiani waende pamoja. Saa hizo zinaheshimiwa kwa sababu zina siku zake, zina watu wengine, na kila mtu anazijua. Anayeandika peke yake kwa kujificha ndiye anayeonekana mvivu au mwenye siri. Basi wanawake watatu au wanne wachague alasiri moja ya wiki, wakutane mahali pamoja, saa nzima waandike kimya, nusu saa wasomeane. Wakilipa jambo hilo jina na siku, mtaa utalizoea kama ulivyozoea kwaya.

Hapa kuna jambo ambalo wahamasishaji wa waandishi wanawake hulipita kimya. Mama akikaa kuandika, ndoo ya maji inabebwa na nani? Mara nyingi ni binti mkubwa. Saa ya mama ikitoka kwenye masomo ya binti, tumemhamishia mtoto mzigo na kuuita sanaa. Saa hiyo itoke kwa baba, na kwa wavulana wanaocheza mpira mpaka giza. Najua ni rahisi kuandika sentensi hiyo kuliko kuitekeleza katika nyumba yenye baba mkali, lakini afadhali hadithi ichelewe mwaka kuliko binti arudie darasa.

Familia hiyohiyo ndiyo ghala. Margaret Ogola wa Kenya alikuwa daktari wa watoto na mwenyewe mama. Riwaya yake ya mwaka 1994 kuhusu vizazi vya wanawake wa Kijaluo ilichota kwenye masimulizi aliyoyapata kwa mama yake. Kuchota kuna adabu yake. Baraka ni mji ambamo Mama Fulani atajitambua kwa kitenge tu. Mchanganye na wengine wawili, mbadilishie kazi na kijiji. Siri ambayo mtoto wako alikunong'oneza usiiandike, hata ukimpa jina jingine.

Lililobaki ni kuilinda kazi. Buchi Emecheta wa Nigeria alikuwa London na watoto wadogo wakati mumewe alipouchoma mswada wake wa kwanza. Aliachana naye, akaandika vingine, kisha akauandika upya ule ulioungua. Ulichapishwa mwaka 1976 kwa jina *The Bride Price*. Fizi moto una sura nyingi. Mwaka 1996 maelfu ya watu wa huku walivuka ziwa hadi Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo, na tangu hapo nyumba nyingi za Fizi zimekimbia zaidi ya mara moja. Anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na godoro. Kaye hubaki.

Kuhusu lugha sitakawia. Shule ilitufundisha kuandika Kifaransa, lakini watu wanaocheka na kugombana ndani ya hadithi zako wanafanya hivyo kwa Kiswahili na Kibembe. Waandikie kwa lugha wanayoisikia. Kutoka Baraka, Kinshasa iko takriban kilomita 1,500, ilhali Kigoma iko ng'ambo ya maji, na nyuma yake lipo soko zima la vitabu vya Kiswahili. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa.

Kwa hiyo, mama mwenye kaye iliyofika katikati: usingoje imalizike. Leo simu ikitoka kuchajiwa, piga picha ukurasa mmoja mmoja, kisha zitume kwa ndugu wawili wanaoishi miji tofauti. Waambie wasizifute.