Jina Lisilo la Ukoo: Mtoto wa Tamaduni Mbili na Ubatizo Wake

Utangulizi

Mchungaji anayehudumu katika usharika wa mjini hufungisha ndoa nyingi za watu waliotoka katika makabila tofauti. Ndoa hizo twazibariki kwa furaha, na twahubiri kwamba Kristo amebomoa kiambaza kilichowatenga watu (Efe. 2:14). Lakini mtihani wa mahubiri hayo hauji siku ya arusi. Huja baada ya mwaka mmoja au miwili, mtoto anapozaliwa na kutakiwa apewe jina. Hapo ndipo koo mbili zilizokula pamoja sahani moja hurudi kukaa kila moja upande wake.

Katika makala hii twakusudia kueleza jinsi ugumu huo unavyotokea, yale ambayo Maandiko na historia ya Kanisa hutufundisha juu yake, na wajibu wa mchungaji. Tutaanza na mtoto mmoja ambaye ubatizo wake ulichelewa miezi saba. Kuchelewa huko kwa sehemu lilikuwa kosa letu.

Mtoto aliyengojea jina

Baba yake alikuwa Mchaga wa Machame, na mama yake Mnyakyusa wa Rungwe. Wote wawili walikuwa Walutheri tangu utoto. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, nao wa Berlin walikuwa wamekwisha kuingia Unyakyusa mwaka 1891; hivyo wazazi hawa walikuwa matunda ya mashamba mawili ya kale, yaliyounganishwa katika Kanisa moja mwaka 1963. Walikuwa na Katekisimo moja. Hawakuwa na desturi moja ya kutoa majina.

Kwa Wachaga walio wengi, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Jina ni daraja ambalo ukoo huvuka kutoka kwa waliolala kwenda kwa wanaozaliwa. Kwa upande wa Wanyakyusa, tunakuta majina mengi yanayosimulia tendo la Mungu: Lusajo, yaani baraka, Ipyana, yaani neema, Atupele, yaani ametupa, Asajile, yaani amebariki. Desturi ya kwanza humwuliza mtoto, “Umetoka kwa nani?” Desturi ya pili humwuliza, “Umekuja na habari gani?” Maswali yote mawili ni mema, ila jina moja haliwezi kuyajibu yote kwa urahisi.

Wazazi walitafuta njia yao wenyewe. Walijua kwamba katika sharika za Kaskazini, miongoni mwa Wachaga, Wapare na Wameru, Wakristo wamekwisha kutunga majina kwa kuunganisha neno la Kiebrania, Eli, na maneno ya kwao au ya Kiswahili: Elibariki, Elisante, Elirehema, Aikaeli. Basi wakachukua Eli ya mlimani, wakaiunganisha na neno la Rungwe, wakapata Elisajile: Mungu amebariki. Jina hilo hapakuwa na mtu aliyepata kuitwa nalo kwao, wala mlimani wala Rungwe.

Malalamiko yakaja kutoka pande tatu. Babu mzaa baba alisema, “Mchungaji, mimi ningali hai na tayari nimesahauliwa.” Bibi mzaa mama, aliyesafiri siku mbili kwa basi kuja kumwona mjukuu, alisema kwamba sajile analifahamu, lakini Kyala, jina la Mungu ambalo alifundishwa kuliomba, yuko wapi? Naye mzee mmoja wa kanisa alisema kwamba jina hilo halimo katika Biblia, kwa hiyo lisiandikwe katika kitabu cha ubatizo.

Nasi tulifanya nini? Tulitafuta amani ya haraka. Tuliwashauri wazazi wamwite Danieli, tukidhani kwamba jina lisilo la upande wowote halitamwudhi mtu. Mama wa mtoto alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza kwa heshima, “Mchungaji, na jina hilo litamwunganisha na nani?” Hatukuwa na jibu. Waliondoka, na miezi ikapita bila mtoto kuletwa.

Ubatizo si sherehe ya kutoa jina

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kiteolojia. Kwa kuufunga ubatizo na jina, tuliwafanya washarika waamini kwamba bila jina lililokubaliwa mtoto hawezi kubatizwa. Luther anafundisha katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 kwamba ubatizo ni maji yaliyofungwa katika amri ya Mungu na kuunganishwa na Neno lake. Jina la mtoto halimo katika maelezo hayo. Jina linaloufanya ubatizo uwe ubatizo ni moja tu, yaani jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ndiyo maana mkunga akimbatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa, ubatizo huo ni halali hata kama wazazi hawajachagua jina.

Hata hivyo tusiharakishe kusema kwamba jina si kitu. Tunapomwita mtoto kwa jina lake mbele ya usharika tunakiri kwamba Mungu hawaokoi watu kwa jumla, bali humjua kila mmoja. Kwa hiyo jina si sharti la ubatizo, lakini ni mahali ambapo ubatizo hugusa nyumba, ukoo na lugha ya mtu.

Ushuhuda wa Maandiko

Mgogoro huu si mpya. Katika Lk. 1:57–66 majirani na jamaa walikuja siku ya nane wakiwa na jina tayari, la baba yake. Elisabeti alipokataa, hoja yao ilikuwa ileile ya babu wa Machame: jina hilo halimo katika ukoo. Tuangalie mambo mawili. Kwanza, mama ndiye aliyesema kabla ya baba, wala Luka hamlaumu. Pili, Zakaria hakudharau ukoo wake; alikiri kwamba mtoto huyu alikuja kwa rehema iliyozidi uwezo wa ukoo, na jina Yohana lina maana kwamba Bwana ni mwenye neema. Jina geni lilikuwa ungamo.

Watoto wa tamaduni mbili nao wamo tele. Yusufu alizaa na Asenathi Mmisri wana wawili, akawapa majina ya Kiebrania, Manase na Efraimu, akieleza kwa kila jina aliyotendewa na Mungu ugenini (Mwa. 41:50–52). Musa aliitwa jina na binti wa Farao, na wasomi wengi huona ndani yake neno la Kimisri lenye maana ya kuzaliwa, lakini Kut. 2:10 inalieleza kwa kitenzi cha Kiebrania cha kutoa majini. Jina moja likasomwa kwa lugha mbili. Timotheo, mwana wa mama Myahudi na baba Myunani (Mdo. 16:1), alichukua jina la Kiyunani lenye maana ya kumheshimu Mungu: umbo ni la upande wa baba, na maana yake mama na bibi yake waliweza kuiitikia kwa moyo wote.

Na yule mzee wa kanisa anayedai kwamba jina la Mkristo lazima litoke katika Biblia tutamjibuje? Tutamwonyesha Apolo (Mdo. 18:24), ambaye jina lake latokana na mungu wa Wayunani, na Fibi wa Kenkrea (Rum. 16:1), ambaye jina lake lilikuwa pia sifa ya mungu wao wa kike. Paulo hakuwataka wabadili majina. Hata hivyo Maandiko yanajua pia kwamba jina laweza kuwa kwazo: mwana wa Sauli aitwaye Eshbaali katika 1 Nya. 8:33 huitwa Ishboshethi katika 2 Sam. 2:8, na neno lenye maana ya aibu limeshika mahali pa Baali. Basi swali linalofaa si kwamba jina limo katika Biblia au halimo, bali kwamba linakiri nini masikioni mwa wanaolisikia.

Hapa wanafunzi wetu wa Kiebrania watakumbuka jambo moja. Eli ya Elibariki na Elisajile si jina la kuhani Eli wa Shilo. Katika Kiebrania jina la kuhani huanza kwa herufi ayin, na neno lenye maana ya “Mungu wangu,” ambalo Bwana wetu alilitamka msalabani (Mt. 27:46), huanza kwa herufi alef. Alfabeti yetu imeyafanya yafanane. Yafaa mchungaji alieleze jambo hili, maana tumewahi kusikia watu wakisema kwamba majina haya humtukuza kuhani aliyeshindwa kuwazuia wanawe.

Ushuhuda wa Kanisa

Kanisa la kale la Afrika Kaskazini lilipenda majina ambayo masikio ya Warumi yaliyaona mageni. Karthago katika karne ya 5 ilikuwa na askofu Quodvultdeus, “apendalo Mungu,” na baada yake Deogratias, “Mungu ashukuriwe,” jina ambalo hata leo tunalisikia miongoni mwa ndugu zetu Wakatoliki. Augustino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, alimwita mwanawe Adeodatus, “aliyetolewa na Mungu,” na wanahistoria wengi huona kwamba jina hilo la Kilatini lilifuata mtindo wa majina ya Kipuniki ya wenyeji, yaliyosema kwamba Baali ametoa. Waafrika wale walitunza mtindo wa mababu, wakambadilisha anayeshukuriwa. Wazazi wa Elibariki na wa Elisante walifanya kazi iyo hiyo.

Luther naye alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, siku moja baada ya kuzaliwa, akapewa jina la mtakatifu wa siku ile, Martin wa Tours. Ukoo wake uliitwa Luder. Mnamo mwaka 1517 alianza kutia sahihi katika baadhi ya barua kwa jina Eleutherius, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya aliye huru, na wachunguzi wengi wanaona kwamba jina Luther lilitokea hapo, Kijerumani cha baba kikikutana na Kiyunani cha Agano Jipya. Kanisa linalojulikana kwa jina hilo litakuwa na ujasiri gani wa kulikataa jina la tamaduni mbili?

Wajibu wa mchungaji

Kutokana na hayo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, mchungaji awaulize wazazi maana ya jina mapema, wakati wa mafundisho ya ubatizo, wala asingojee Jumapili asubuhi. Wazazi walioweza kulieleza jina mbele ya pande mbili za ukoo wamekwisha kuanza kumfundisha mtoto.

Pili, jina lipimwe kwa lugha zote ambazo mtoto atazisikia. Sisi wenyewe tulisahau lugha ya tatu, yaani Kiswahili. Karani mmoja alipoliona jina Elisajile aliandika “Elisajili,” akidhani ni habari ya kusajili. Mchungaji asaidie ili jina liandikwe kwa herufi zilezile katika kadi ya kliniki, kitabu cha ubatizo na cheti cha kuzaliwa. Cheti cha ubatizo mara nyingi hutumika baadaye kuthibitisha kuzaliwa kwa mtu, na herufi moja iliyokosewa yaweza kumsumbua akiwa mtu mzima.

Tatu, mchungaji azuie jina moja tu, yaani lile litakalokuwa mzigo kwa mtoto. Raheli akifa alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu, na Yakobo akambadilishia akamwita Benyamini (Mwa. 35:18). Tunao watoto waitwao Shida, Tabu na Mashaka. Hatuwadharau, maana wengi wameyabeba majina hayo kwa heshima. Lakini mzazi anayetaka kumwita mtoto kwa huzuni yake mwenyewe anahitaji kwanza kusikilizwa huzuni hiyo.

Nne, wazee wasiachwe nje. Jina jipya lisiwafute waliotangulia. Kwa desturi yetu ya majina matatu, babu mzaa baba hubaki katika jina la mtoto kila linapoandikwa. Na upande wa mama waweza kupewa nafasi katika kuchagua wasimamizi wa ubatizo.

Hitimisho

Baada ya miezi saba tulikwenda nyumbani kwa wazazi wale, tukawaomba radhi. Babu alikuwapo. Tulisoma Luka 1, tukakaa kimya. Kisha yule mzee akauliza kama mtoto ataandikwa na jina lake yeye mwishoni. Mwanawe akajibu, “Ndiyo, baba, siku zote.” Akasema, “Basi Mungu na atangulie, mimi nifuate.” Bibi kule Rungwe alipoelezwa kwamba Eli ndiye Kyala aliyeitwa na Bwana Yesu pale msalabani, alituma salamu kwamba sasa ataweza kumwombea mjukuu wake bila kukosea jina.

Mtoto alibatizwa Jumapili iliyofuata. Yule karani naye hakukosea kabisa. Bwana aliwaambia wanafunzi wake wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni (Lk. 10:20). Huko jina lisilo la ukoo wowote limesajiliwa, na aliyelisajili analijua kulitamka.